Mwalimu Aliyeiruka Nafsi ya Pili

Wengine walimwita Bwana Shamba, kwa sababu ndiyo kazi iliyomzeesha: kuwafuata wakulima wa tumbaku huko Urambo na kuwaambia wasibananishe miche. Watoto wa mtaani kwake, Ng'ambo mjini Tabora, walimwita Mkuba bila kujua kwa nini. Mimi nilimwita Mwalimu, maana alinifundisha Kihispania, na kwa miezi mingi alinifundisha kwa sentensi moja tu.

Nilimwendea kwa shida ya kazi. Mimi ni mkunga. Wakati huo nilikuwa kwenye kituo kidogo cha afya kijijini, nje ya Bukene, na kituo kilikuwa kimepata masista wawili kutoka Amerika ya Kusini. Mmoja wao alikuwa daktari hodari sana wa mikono, lakini Kiswahili chake kiliishia kwenye "pole" na "sukuma". Mama anaumwa uchungu, sista anaelekeza kwa Kihispania, na sisi tunatazamana. Ndipo mtu mmoja wa kanisani kwetu Ipuli akaniambia kuna mzee Ng'ambo, amesoma Kuba zamani, huenda akanisaidia.

Nilimkuta amekaa barazani, mpwa wake akishona nguo kwenye cherehani hatua chache kutoka kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaeleza nilichokuja nacho. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Unataka kukijua au unataka kukizungumza?"

"Vyote, Mwalimu."

"Mimi nitakupa cha kwanza. Cha pili utakipata kwa hao masista wako."

Sikumwelewa siku hiyo. Baadaye niliona kwamba alisema kweli kabisa. Katika muda wote nilioenda kwake hakunisalimu kwa Kihispania hata mara moja. Aliandika ubaoni, akasoma kwa sauti ya chini, akanitaka nirudie, kisha akaeleza kwa Kiswahili. Nikijaribu kumuuliza swali kwa lugha ile, alitazama pembeni na kunijibu kwa Kiswahili, kama mtu aliyepewa kitu asichokiagiza.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: Te dejé la comida en la mesa. Nimekuachia chakula mezani.

"Ni maneno ya kila nyumba," alisema. "Mtu anatoka, anamwambia anayebaki. Ukiielewa hii, umeielewa nusu ya lugha."

Na kweli aliibomoa kama fundi anavyofungua saa. Alianzia mwisho. Mesa ni meza. Neno hilo, alisema, lilitoka kwa Wareno likashukia pwani, halafu likaja Tabora kwa miguu pamoja na misafara, likafika hapa kabla yake. Comida ni chakula. Lina kineno "la" mbele yake kwa sababu kwao kila kitu ama ni cha kike ama ni cha kiume, na chakula na meza vyote viko upande wa kike. Nilipolalamika kwamba nitakumbukaje, alicheka kidogo. "Wao wana ngeli mbili tu. Wewe umezaliwa katika lugha yenye ngeli chungu nzima na hujawahi kulalamika. Usiwaogope."

Kisha dejé, kutoka dejar, kuacha. Ile é ya mwisho, yenye mkwaju juu yake, ndiyo inayosema ni mimi niliyetenda. Ukiandika dejó, ni yeye. Dejamos ni sisi. Dejaron ni wao. Sisi tunamweka mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, wao wanamweka mkiani. Na te ni ile -ku- yetu, wewe unayetendewa.

Nilinakili yote hayo, na sikuona kwamba kulikuwa na pengo. Nilipouliza namna ya kusema na mtu aliye mbele yangu, alinipa neno usted, na kunieleza kwamba kwa heshima unamsemesha mtu kwa kitenzi kile kile cha "yeye". "Ni kama shikamoo yao," alisema. Niliridhika. Mtu wa Tabora akiambiwa jambo ni la heshima hataki maelezo zaidi.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyokaa pamoja. Maisha yake yote aliwafundisha watu kulima tumbaku, na hakuruhusu mtu avute sigara uani kwake. Alikuwa na sauti nzuri ya besi, lakini kanisani aliimba akiwa amefunga mdomo, akivuma tu kama nyuki kwenye mzinga. Hakuoa. Aliishi na dada yake, na dada alipofariki akabaki na mpwa huyu fundi cherehani, aliyemheshimu kama baba.

Na kulikuwa na ile meza. Meza ya mninga, nzito, iliyotengenezwa na fundi wa pale pale Ng'ambo. Tuliweka ubao juu yake, vitabu, taa. Chakula hakikuwekwa pale kamwe. Wageni walipokuja walitandikiwa mkeka, na mpwa wake alileta matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, au wali na maharage, na sote tukala chini. Siku moja nilijisahau nikaweka kikombe changu cha chai mezani.  Mwalimu alikiinua kwa mikono miwili, akakishusha mkekani, akaendelea na somo.

Jambo jingine lilinisumbua zaidi ya hilo. Karibu na saa nane mchana, mpwa wake aliposimamisha cherehani ili akapumzike, nyumba ilitulia ghafla. Hapo ndipo Mwalimu alipozoea kunyamaza katikati ya neno. Chaki ilibaki hewani. Aligeuza kichwa polepole kuelekea mlango wa jikoni, kama mtu aliyeitwa na mtu anayemfahamu.

"Umesikia?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Sijasikia kitu, Mwalimu."

"Vizuri," alisema, na akamalizia neno.

Mara nyingine hakuuliza, alinitazama tu usoni kuona kama nami nimegeuka. Nilikuwa naogopa kutazama jikoni. Nilijua hakuna mtu mle. Sufuria ziko safi, zimefunikwa, dirisha limefungwa. Lakini kuna siku nilikuwa peke yangu nyumbani kwangu Ipuli, nakoroga uji na kuirudia sentensi yangu ili nisiisahau, na sauti yangu mwenyewe ikanitisha. Maneno yalikuwa yangu, ila namna ya kuyatamka, ule mteremko mdogo mwishoni, haikuwa yangu wala ya Mwalimu. Ilikuwa namna ya mwanamke anayesema huku anafunga mlango. Nilizima jiko nikatoka nje.

Alipenda kutembea. Mara moja moja, badala ya kukaa, alinichukua twende upande wa Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, ambako siku hizi kuna mashamba ya mahindi na bodaboda zinapita zikivumisha vumbi. Alinionyesha njia ilikopita kwenda Ujiji na ilikopita kwenda pwani. Watu wengine wakizungumzia wapagazi huwasifia nguvu zao. Yeye aliwazungumzia wake zao.

"Mwanamume alibeba pembe hadi Bagamoyo," aliniambia. "Alimwambia mkewe, narudi mvua zikianza. Wengine walirudi. Wengine walipata mke mwingine pwani, maisha yakaishia huko. Yule aliyebaki hapa alijua lini kwamba harudi? Siku gani? Nani alimwambia?"

Nilisema huenda aliambiwa na waliorudi.

"Huenda. Njia hii imewasikia watu wengi wakisema narudi."

Aliyasema hayo bila kunitazama, kisha akauliza kama nimekariri nafsi zote za dejar. Nilimtajia: mimi, yeye, sisi, wao. Akaitikia kwa kichwa.

Ni yule sista daktari aliyeliona pengo. Kihispania changu kilikuwa kimeanza kutembea, na wodini tulisaidiana vizuri. Siku moja alinisikia nikimbembeleza mtoto mchanga kwa lugha yake, akaanza kucheka hadi akashika ukuta.

"Huyu amezaliwa asubuhi hii," alisema. "Kwa nini unamsemesha kama askofu?"

Nilimweleza habari ya heshima. Akaniuliza, je, rafiki? Je, mdogo wako? Kama mimi ndiye niliyeacha mlango wazi, utaniambiaje? Nikajikuta nasema, mlango umeachwa. Aliacha kucheka. Alichukua kalamu akaniandikia kwenye kiganja changu: dejaste. Uliacha.

"Nani alikufundisha?" aliuliza. "Umemweka wewe kwenye sentensi, yule anayetendewa. Lakini wewe anayetenda jambo, huna. Unazungumza kama mtu ambaye hakuna aliyewahi kumkosea."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi Tabora, nikaenda Ng'ambo moja kwa moja. Nilimwamkia Mwalimu, nikakaa, nikamweleza nikicheka, maana niliona ni jambo la kuchekesha. Nilimwambia habari ya mtoto na askofu. Hakucheka.

"Kwa hiyo amekufundisha," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Dejaste."

Alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia ubao. Alikiweka chini. Nje cherehani ilikuwa inaendelea, saa nane ilikuwa bado, lakini yeye alikuwa tayari amegeukia mlango wa jikoni.

"Usiliseme humu ndani," alisema.

Aliinuka, akatoka uani, akasimama huko akiwa amenipa mgongo. Nilifikiri somo limekwisha. Nilianza kukusanya vitu vyangu, na ndipo akarudi, akakaa mkekani badala ya kitini, akaanza kusimulia kwa sauti ile ile ya somo.

Kule Kuba aliishi na mwanamke aliyefanya kazi kiwanda cha nguo. Walipata mtoto wa kike. Masomo yalipokwisha, ilimbidi arudi nyumbani. Serikali iliyomsomesha ilikuwa inamsubiri, na tiketi ilishatoka. Yule mwanamke alijua kwamba siku hiyo ipo, ila hakujua ni lini. Alipouliza, Mwalimu alimwambia bado.

"Kila siku nilisema nitamwambia kesho," alisema. "Ikafika siku ambayo kesho yake nilikuwa nimeshaondoka."

Asubuhi hiyo mwanamke alimshika mtoto mkono, akafungua mlango kwenda kazini, na akiwa ameshatoka nusu akageuza kichwa akamwambia: Te dejé la comida en la mesa. Halafu mlango ukafungwa.

"Ulikuwa wali na maharage meusi, na yai juu yake. Nilikula."

Niliweka chini vitu nilivyokuwa nimekusanya.

"Nilikula chote. Hilo ndilo ninaloshindwa nalo. Mtu anayetoroka angalau angekosa hamu ya kula. Mimi nilikula, nikaosha sahani, nikaipangusa, nikaichukua mizigo yangu niliyokuwa nimeificha kwa rafiki, nikaenda uwanja wa ndege."

"Hukuandika, Mwalimu? Baadaye?"

"Nilianza mara nyingi. Sasa nikueleze sarufi, maana ndicho ulichokuja kutafuta. Sisi tuna kuacha, na tuna kuachia. Nilikuacha ni jambo moja. Nilikuachia ni jambo jingine, kuna kitu mkononi, kuna chakula. Hicho kijisauti kidogo katikati, i, ndicho kinachomwokoa mtu. Wao hawana. Nilikuacha, te dejé. Nilikuachia, te dejé. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mimi nasikia maneno mawili ya kwanza tu. Miaka yote hii. Nyumba ikitulia nasikia te dejé, kwa sauti yake, pale mlangoni, halafu sauti inakatika. Sijui kama inakuja na chakula au haina kitu. Na kitenzi ni cha mimi, binti yangu. Mkiani pana é. Aliyeacha ni mimi, lakini yeye ndiye anayesema. Ameyachukua maneno yangu anayasema kwa niaba yangu. Namngoja aseme lake. Namngoja aseme dejaste. Siku akilisema, sijui nitakaa wapi katika nyumba hii."

Nilimwambia kwamba sista wangu ana jamaa huko upande wa Kuba, na siku hizi mtu hutafutwa kwa simu tu akapatikana. Alitikisa kichwa.

"Nikimpata nitamwambia nini? Nifungue kwa neno gani?"



Wiki iliyofuata nilienda nikiwa na wasiwasi kwamba hatanipokea. Nilikuta ubao umeshaandikwa. Nafsi zote zilikuwepo, dejé juu, na chini yake, kwa herufi ndogo kuliko nyingine, dejaste. 

"Nakili," alisema. "Ukimaliza, futa."

Baada ya hapo masomo yaliendelea, tukaingia vitenzi vingine, nami nikawa naweza kumwambia sista kwamba ameacha mlango wazi. Halafu masista walihamishwa, mimi nikahamishiwa kituo kingine, nikapata watoto, na safari zangu za Ng'ambo zikapungua hadi zikawa za sikukuu tu. Nilimkuta kila mara barazani, mwembamba zaidi, mwenye adabu ile ile.

Mwaka jana mpwa wake alinipigia simu.

"Dada, mjomba ameacha Kiswahili."

"Ameachaje?"

"Ameacha. Ilianza maneno mawili matatu, sasa ni yote. Anasema vitu hatuvielewi. Majirani wanasema amepandwa na jini, wa kanisani wamekuja kumwombea. Mimi nadhani ni ile lugha yenu."

Nilikwenda siku iliyofuata, nikafika alasiri. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Mpwa wake aliponifungulia alikuwa na macho mekundu. Alisema mchana Mwalimu hutulia, lakini ikikaribia saa kumi hutafuta viatu na kutaka kutoka, na akizuiwa hulia. Mara moja walimpata karibu na stesheni ya treni, akiwauliza watu jambo, na watu wakimpisha.

Nilimkuta amesimama nyuma ya mlango, amevaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Nilimwamkia. Hakuitikia marahaba. Aliniambia kwa Kihispania, haraka, kwa sauti ya kijana, lugha ambayo kwa miaka yote alikataa kuizungumza nami. Ilinibidi nimwombe arudie.

¿Quién recoge a la niña? Nani anamchukua mtoto?

Akaonyesha nje. Saa kumi imefika, alisema. Shule inafungwa. Mama yake yuko kiwandani hadi jioni, leo ni zamu yangu, mtoto atasimama pale getini peke yake.

Hilo hakuwahi kuniambia. Alinisimulia wali, yai, sahani aliyoiosha, lakini hakusema kwamba siku ile aliyoondoka ilikuwa zamu yake ya kumchukua mtoto shuleni.

"Anasema nini?" mpwa wake aliniuliza. "Dada, anataka nini?"

Mwalimu alikuwa amenishika mkono wa gauni. Nilimjibu yeye kwanza. Nilimwambia: Ya la recogí. Nimeshamchukua.

Alinitazama muda mrefu. Nilimwambia tena, polepole. Mkono wake ukalegea. Akarudi nyuma, akaketi kitini, na mpwa wake akapiga magoti kumvua viatu.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba mtoto nimeshamchukua."

"Mtoto gani?"

Mwalimu hakuwahi kuniambia nilifiche jambo lile, wala hakuniambia nilitoe. Nilimtazama pale kitini, ametulia, anatazama dirishani. Kisha nikamwita mpwa wake barazani nikamweleza. Alikaa kwenye cherehani yake bila kushona, kidole kwenye gurudumu.

"Kwa hiyo nina ndugu," alisema.

"Unaye."

"Anaitwa nani?"

"Hakuniambia."

Alifikiri kidogo. "Wewe utarudi kazini kwako, na kesho saa kumi itafika. Nifundishe hayo maneno."

Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, kwa vipande. Ya, tayari. La, huyo mtoto, wa kike. Recogí, nimemchukua, na ile í ya mwisho ndiyo inayosema ni mimi. Aliyarudia huku akipima kitambaa cha mteja, akayasema kwa lafudhi yetu ya Kinyamwezi, r nzito, na nilimwacha ayaseme hivyo hivyo.

Nililala Ipuli, na kesho yake nikapitia tena kabla ya basi. Alasiri ilipofika Mwalimu aliinuka akaanza kutafuta viatu. Mpwa wake hakufunga geti. Alimwendea, akamshika mkono, akamwambia, "Ya la recogí, mjomba."

Aliketi, na mpwa wake akapiga magoti kumvua kiatu alichokuwa ameshavaa. Tulidhani yamekwisha. Halafu Mwalimu akamwinamia, akamuuliza jambo kwa sauti ya chini sana: ¿Preguntó por mí?

Mpwa wake alinigeukia. "Ameongeza. Anasemaje?"

"Anauliza kama mtoto alimwulizia yeye."

Nilikuwa bado natafuta jibu linalofaa, lenye ukweli ndani yake, wakati mpwa wake alikuwa ameshaamua.

"Ndiyo inasemwaje?"

"Sí."

"Sí, mjomba," alimwambia. "Sí."

Mwalimu alifumba macho. Mpwa wake alibaki amepiga magoti pale pale, kiatu kimoja mkononi, akimtazama mdomo, akingoja kama kuna swali jingine.